Muuguzi Aliyebisha Hodi Kabla Mtoto Hajaugua

 Kama uko jikoni, punguza moto kidogo uje karibu na redio. Kama una mtoto mchanga mikononi, endelea kumnyonyesha huku ukisikiliza, maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye.

Siku moja nilimtembelea mama mmoja aliyejifungua wiki moja kabla. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, kisha akaniuliza, "Sista, mtoto wangu hana ugonjwa wowote. Ananyonya, analala, anakojoa. Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

Ni swali zuri, na si yeye peke yake anayeliuliza. Tumezoea kwamba muuguzi hutafutwa mtu akiwa mgonjwa. Sasa huyu anayekuja mlangoni kwa mtoto mzima, ana shughuli gani? Nilimjibu yule mama kwa kumsimulia habari ya kweli, na leo nataka kukusimulia wewe pia.

Watoto waliokufa kila msimu wa joto

Twende kwanza mbali kidogo, hadi mji wa New York huko Marekani, miaka mia moja na zaidi iliyopita. Mwaka 1900 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Wengi wao walikuwa wageni waliovuka bahari kutoka Italia, Urusi, Ayalandi na kwingineko wakitafuta kazi. Walikaa katika mitaa kama ule unaoitwa Lower East Side, ndani ya nyumba za kupanga za ghorofa tano au sita. Baba, mama, watoto, na mara nyingine mpangaji wa ziada, wote walibanana katika vyumba viwili au vitatu. Vyumba vingine havikuwa na dirisha hata moja la nje. Choo kilikuwa cha watu wengi. Barabarani mikokoteni ilivutwa na farasi, na penye mavi ya farasi hapakosi nzi. Ukitaka kuona picha yake, fikiria ploti zetu za mjini zimepandishwa moja juu ya nyingine.

Katika mitaa hiyo, joto la Julai na Agosti lilipofika, watoto wachanga walikufa kwa wingi. Mtoto alianza kuharisha, akatapika, macho yakaingia ndani, midomo ikakauka, na baada ya siku chache mama alikuwa analia. Watu waliuita ugonjwa huo kwa jina la msimu wenyewe, kana kwamba ni joto peke yake lililoua.

Joto lilikuwa na mshirika wake, nalo ni maziwa machafu. Maziwa ya ng'ombe yalisafirishwa kutoka mashambani hadi mjini, mara nyingi bila barafu ya kutosha. Dukani yalikaa katika mikebe iliyo wazi, mwenye duka akichota kwa kikombe na kumpimia mteja. Wauzaji wengine waliyatia maji ili yawe mengi. Nyumbani hakukuwa na friji. Maziwa yaliyochotwa asubuhi yalikuwa yamejaa vijidudu ifikapo jioni, na hayo ndiyo aliyopewa mtoto katika chupa ambayo haikuchemshwa. Mtoto aliyenyonya titi la mama alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuponea. Aliyelishwa kwa chupa ndiye aliyekuwa katika hatari kuu.

Kulikuwa na watu wema waliojaribu kusaidia. Tajiri mmoja aitwaye Nathan Straus alianza mwaka 1893 kufungua vituo vya kuuzia maskini maziwa yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu. Vituo hivyo viliokoa watoto. Lakini mama alipaswa kwanza kujua kwamba kituo kipo, na kujua kwa nini maziwa yale ni bora kuliko ya duka la jirani. Nani angemwambia?

Daktari aliyefika kwa kuchelewa

Hapo ndipo anaingia daktari mmoja mwanamke, Sara Josephine Baker. Alizaliwa mwaka 1873. Alipokuwa na umri wa miaka 16, baba yake alifariki kwa homa ya matumbo, ugonjwa unaoletwa na maji machafu. Msichana huyo akaamua kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1898. Siku hizo wagonjwa wengi hawakutaka kutibiwa na mwanamke, na fedha zilikuwa chache. Basi akachukua kazi katika idara ya afya ya mji, kazi ya kuzunguka mitaani kukagua watoto wagonjwa.

Alipanda ngazi za ghorofa baada ya ghorofa, katika joto, akitafuta watoto wanaoharisha. Aliwapata wengi mno. Lakini mara nyingi alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kukauka maji mwilini, na hapakuwa na la kufanya. Siku hizo hapakuwa na ORS wala zinki wala maji ya kuwekwa kwenye mshipa kama tunavyojua leo. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba akina mama wengi walikuwa wamekata tamaa. Walimwambia kuwa watoto hufa wakati wa joto, ndivyo ilivyo, ni kawaida.

Msikilizaji, neno hilo "kawaida" ni neno la hatari. Kitu kikishaitwa kawaida, hakuna anayekitafutia dawa.

Baker alitafakari akaona jambo moja. Ikiwa mtoto anayeharisha sana haponi, basi dawa ni kumzuia asianze kuharisha. Na ili kumzuia, ni lazima kumfikia akiwa bado mzima, katika siku zake za kwanza kabisa. Leo tunaliona jambo hili kuwa dogo. Wakati ule lilikuwa jambo geni, kwa sababu kazi ya idara ya afya ilikuwa kufukuza magonjwa yaliyokwisha kuingia.

Majira ya joto ya mwaka 1908

Mwaka 1908 Baker alipewa nafasi ya kujaribu wazo lake. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wauguzi wa shule hawakuwa na kazi. Akachukua wauguzi 30 na kuchagua sehemu moja ya Lower East Side, yenye msongamano mkubwa na familia nyingi za Kiitaliano.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mtoto aliyezaliwa, cheti chake cha kuzaliwa kilipelekwa katika ofisi ya mji. Ofisi ikampa Baker jina na mahali mtoto anapokaa. Bila kukawia, muuguzi akapanda ngazi na kubisha hodi. Hakungoja aitwe wala hakuuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Mle ndani alifundisha nini? Hakuwa na dawa ya ajabu katika mkoba wake. Alimwambia mama amnyonyeshe mtoto mwenyewe. Alimwonyesha jinsi ya kumwogesha. Alimwomba amvue nguo nyingi na vitambaa alivyofungiwa kwa kubanwa katika joto lile. Alifungua dirisha hewa ipite. Alimshauri amtoe mtoto nje apate hewa safi. Na kama mama hakuweza kunyonyesha, alimfundisha mahali pa kupata maziwa salama na jinsi ya kuyatunza. Baada ya siku kadhaa alirudi tena kuona mambo yanaendeleaje.

Majira ya joto yalipokwisha, wakahesabu. Kwa hesabu ya Baker mwenyewe, katika sehemu ile walikufa watoto 1,200 pungufu ya waliokufa majira ya joto ya mwaka uliotangulia. Mitaa mingine ya mji, ambako wauguzi hawakwenda, vifo vilikuwa vingi vilevile.

Watoto 1,200, msikilizaji. Kwa sabuni, hewa, titi la mama, na muuguzi aliyefika mapema. Mwaka huohuo mji ukaanzisha idara maalum ya afya ya watoto na kumweka Baker kuwa mkuu wake.

Hodi ya heshima

Sasa nataka tuangalie jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Kupanda ngazi si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kufunguliwa mlango, na baada ya kufunguliwa mlango, kufunguliwa moyo.

Wengi wa akina mama wale walikuwa wageni, hawakujua Kiingereza vizuri, na mtu wa serikali akibisha hodi walihofu. Je, amekuja kutuhamisha? Amekuja kutuchukulia mtoto? Muuguzi aliyeingia kwa dharau, akikunja pua kwa sababu ya harufu, alisikilizwa kwa mdomo tu. Alipotoka, maneno yake yalitoka pamoja naye.

Mimi mwenyewe nilijifunza somo hili kwa uchungu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilifika kwenye ploti moja nikiwa na daftari mkononi. Kabla hata ya kusalimia vizuri, nilianza kuuliza: choo kiko wapi, maji mnachota wapi, mbona hapa pananuka. Mama mmoja mwenye mtoto wa wiki tatu alirudi ndani, akamtuma binti yake mdogo aniambie kwamba mama ameenda sokoni. Nilijua yumo ndani. Niliandika "hayupo" nikaenda zangu.

Siku nne baadaye nilimkuta wodini. Mtoto alikuwa amepewa maji ya kunywa na dawa ya tumbo ya dukani, akaharisha mpaka akalegea. Mungu ni mwema, mtoto alipona. Lakini yule mama aliniambia, "Sista, mimi nilidhani wewe ni mtu wa kushika watu." Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu na daftari langu. Tangu siku hiyo, nikibisha hodi nangoja nikaribishwe, nasalimia, nakaa ninapoonyeshwa, naomba kumwona mtoto na kumsifu. Daftari hutoka mwisho.

Baker naye alitambua kwamba mama maskini si adui wa mtoto wake. Kulikuwa na watoto waliotupwa, waliokuwa wakilelewa hospitalini. Walilala mahali safi, wakaangaliwa na wauguzi waliosoma, na bado walikufa kwa wingi. Baker aliamua kuwapeleka kwa akina mama wa mitaa ileile ya maskini, walipwe kidogo na kuwalea. Vifo vikapungua. Watoto wale walihitaji kubebwa, kuzungumziwa na kupendwa, na akina mama wa vyumba vile vya msongamano walijua kufanya hivyo kuliko hospitali.

Hakuwasahau pia wasichana. Katika familia nyingi mama alikwenda kazini na mtoto akaachwa na dada yake mwenye miaka kumi au kumi na miwili. Basi wasichana hao wakafundishwa shuleni jinsi ya kumlisha na kumtunza mtoto. Waliporudi nyumbani, wao nao wakawa walimu wa mama zao.

Si New York peke yake

Wazo la kutembelea nyumba lilikuwa na historia ndefu zaidi ya hapo. Huko Uingereza, mwaka 1862, chama cha akina mama wa Manchester na Salford kilianza kuwalipa wanawake wa kawaida wa mitaani wazunguke nyumba kwa nyumba kufundisha usafi na malezi. Walichagua wanawake wanaofanana na wale waliowatembelea, ili waelewane.

Katika mji mwingine wa Uingereza, Huddersfield, meya Benjamin Broadbent alitoa ahadi mwaka 1904. Kila mtoto aliyezaliwa katika mtaa wa Longwood wakati wa umeya wake angepewa pauni 1 akitimiza mwaka mmoja akiwa hai. Mama alipewa kadi ya ahadi hiyo pamoja na mashauri ya malezi, na wanawake wa kujitolea wakawa wanamtembelea. Fedha zilisaidia, lakini kilichosaidia zaidi ni kwamba mji ulijua mtoto amezaliwa. Kwa sababu hiyo Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1907 ya kuarifu uzazi ndani ya saa 36, na mwaka 1915 sheria hiyo ikawa ya lazima nchini kote. Ikiwa hatujui mtoto yupo, hatuwezi kumfikia mapema.

Usidhani kila mtu alifurahi. Baker alipochaguliwa kuwa mkuu, madaktari sita wanaume walitaka kujiuzulu kwa sababu hawakutaka kuongozwa na mwanamke. Aliwaomba wajaribu mwezi mmoja tu, na wote wakabaki. Baadaye madaktari zaidi ya 30 wa Brooklyn walimwandikia meya wakitaka idara yake ifungwe. Unajua sababu? Walisema inaharibu biashara yao, kwa kuwa watoto hawaugui tena! Baker alisema barua hiyo ni sifa kubwa kwa idara yake.

Baker alipoanza, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa New York, zaidi ya 100 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Alipostaafu mwaka 1923, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 66. Si yeye na wauguzi wake peke yao waliofanya hivyo. Maziwa yalianza kupashwa moto kwa sheria, na maji na nyumba vikawa bora. Lakini elimu iliyobebwa mlango kwa mlango ilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Na sisi je?

Hapa Kenya, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 32 hufa kabla ya mwaka mmoja. Tumepiga hatua. Lakini sikiliza hili: kati ya hao 32, watoto 21 hufa katika mwezi wa kwanza. Yaani wengi wa wanaokufa hawafiki hata siku ya arobaini. Kwa hiyo muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii akija wiki ya kwanza, usimwone amekuja mapema mno. Amekuja wakati wenyewe.

Tangu mwaka 2006 nchi yetu imekuwa na mpango wa afya ya jamii, na mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa. Ni majirani zako. Huenda ni yule mama unayekutana naye mtoni, chamani au kanisani au msikitini. Wazo lao ni lilelile: kufika kabla ya ugonjwa.

Basi, msikilizaji, tushike mambo haya.

Kwanza, ukijua una mimba, mjulishe mhudumu wa afya wa mtaa wako na uanze kliniki. Ukijifungua, mtume mtu amwambie, hata kama ulijifungua salama hospitalini.

Pili, mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Usimpe maji, uji, maji ya sukari wala dawa ya chango ya dukani. Nyanya akisema mtoto ana kiu, mweleze kwa heshima kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi aendelee na dawa zake na azungumze na muuguzi wake kuhusu kunyonyesha.

Tatu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, baada ya kutoka chooni, na baada ya kumbadilisha nepi.

Nne, mtoto aangaliwe na mhudumu wa afya katika saa 24 za kwanza, tena siku ya pili au ya tatu, tena wiki ya pili, na tena wiki ya sita.

Tano, usingoje mgeni wala kesho ukiona dalili za hatari: mtoto anakataa kunyonya, anapumua haraka au kwa shida, ana degedege, mwili una joto jingi au umekuwa baridi, halii wala hasogei kama kawaida, kitovu kinatoa usaha, au nyayo na viganja vimekuwa vya manjano. Mpeleke hospitali mara moja. Akiharisha, endelea kumnyonyesha hata njiani.

Na baba unayenisikiliza, hodi ikibishwa, wewe ndiwe wa kwanza kusema karibu. Mke wako akiona umempokea mgeni huyo vizuri, hataogopa kuuliza maswali.

Ama wewe mhudumu mwenzangu, kumbuka: salamu kwanza, daftari baadaye.

Yule mama aliyeniuliza nimekuja kufanya nini, nilipomaliza kumsimulia alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hivyo umekuja ili usije ukanikuta wodini." Nikamwambia, "Naam, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu yote." Akanifunulia mtoto nimwone kitovu.

Hadi tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, mimi muuguzi wako nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Kwaheri.